Mizani Kumi na Sita

2 Februari

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Nyonga ya mama ndiyo ile ile: akikaa hainuki mpaka ashikwe, akiinuka haketi mpaka abembelezwe. Kutwa yuko mlangoni anakosoa mavazi ya wapita njia. Mimi niko kwenye chumba cha cherehani na wenzangu wanne, tunashona sare za shule. Msimu huu nimepangiwa kola. Nikifumba macho naona kola.

Mjomba, nina ombi. Wiki iliyopita nilinunua sabuni, muuzaji akanifungia kwa ukurasa wa jarida. Nilipofika nyumbani sabuni nikaisahau. Kipande chenyewe nimekuwekea humu, usome: washairi wapya wanaitwa. Shairi moja kwa kila mtu, lisilopata kuchapishwa popote, beti zisipungue mbili, mizani kumi na sita. Mwisho wa kupokea ni tarehe thelathini Machi. Yatakayochaguliwa yatatoka toleo la Juni.

Unajua naandika tangu shule. Nina madaftari saba chini ya kitanda, na msikilizaji mmoja, mama. Mara mbili nimetuma kwa posta kwa watu wengine wa magazeti, na mara mbili ni kama nimetumbukiza kisimani, hata mlio wa maji sikuusikia. Lakini ofisi ya jarida hili iko huko huko uliko. Na wewe mwenyewe ulituandikia kwamba hakuna gazeti mjini lisilopita mikononi mwako.

Kwa hiyo nimekutumia bahasha. Naomba uipeleke kwa mkono. Usiifungue, mjomba. Nikishachapwa utasoma kama watu wengine.

Mama anakusalimu. Anasema hana la kuongeza.

Mpwa wako

*

17 Februari

Mpwa wangu, damu yangu, kalamu ya ukoo!

Marahaba, tena marahaba mara mia. Barua yako ilinikuta katikati ya shughuli nzito, watu wamepanga foleni wananingoja mimi, nikawaambia: simameni hapo hapo, mpwa wangu ameandika. Wakasimama. Hapa nikisema simama, hata saa ya ukutani husimama.

Umefanya vizuri kunijia mimi. Mimi darasa la tano nililosoma ni lile la zamani, ambalo leo ukilipima ni sawa na chuo kikuu na chenji inabaki. Tangazo nimelisoma mara nne. Nikaona penye hatari, ambapo wewe na usomi wako ulipita umefumba macho. Mizani kumi na sita! Nikaichukua bahasha yako, nikaiweka kwenye mizani yangu ndogo, ile ya gramu, isiyojua kusema uongo. Ikasoma kumi na moja. Mpwa wangu, ungekataliwa mlangoni kwa gramu tano!

Sikufungua, maana nimekatazwa, na mimi nikikatazwa na mwanamke wa ukoo wetu hukatazika. Nilichofanya, nilikata kadibodi safi, nikaichonga kwa mkasi kidogo kidogo, nikaipenyeza kwenye upenyo wa pembeni palipokosa gundi, mpaka mshale ukakaa kumi na sita kamili. Juu ya bahasha nikaandika 16 kwa wino wa buluu na kuizungushia duara, ili wasijisumbue kupima upya.

Kisha nikaipeleka mwenyewe, nimevaa shati lile jeupe. Mhariri ni mtu mnene, kitambi kinafika robo saa kabla yake. Bahasha akaipokea kwa mikono miwili. Akaniuliza, "Huyu ni nani kwako?" Nikamwambia, "Ni mtoto wa dada yangu." Akavua miwani, akafuta machozi.

Tulia. Jambo lako liko mikononi mwa mwenye mikono.

Mwambie dada nitakuja kazi zikipungua.

Mjomba wako,
Simba wa Karatasi

*

1 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimemsomea mama barua yako. Tulipofika kwenye gramu kumi na moja alinishika mkono akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akacheka mpaka nyonga ikamuuma, akawa anacheka na kulia "Yalaa!" kwa pamoja, jirani akaja mbio akidhani kuna msiba. Sijamsikia mama akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Kwa hilo peke yake nakushukuru.

Mizani ya shairi, mjomba, ni silabi. Zinahesabiwa kwa vidole. Ki-ti-ki-po, hizo nne. Mstari ukiwa na kumi na sita, nane huku na nane huku, umetimia. Karatasi ingeweza kuwa na uzito wa unyoya au wa jiwe la kusagia, hakuna ambaye angeuliza. Sasa huko wamepokea shairi lenye kadibodi tumboni!

Na huyo mhariri alilia kabla hajafungua bahasha? Mimi nauliza tu.

Mama naye aliponyamaza kucheka aliuliza lake. Alisema: "Ndugu yangu anasema ni mkubwa wa magazeti. Mkubwa wa magazeti ana mizani ya gramu ya nini?" Mjomba, kwani kazi yako hasa ni ipi? Miaka tisa tunasimulia watu, na tukiulizwa swali la pili tunakwama.

Hatukusumbui. Tunataka tu tukikuwaza tujue tukuweke kwenye chumba gani.

Mpwa wako

*

14 Machi

Mpwa wangu mpenzi,

Maswali yako yamefika, yasubiri kidogo, maana kuna habari kubwa imeyapita njiani.

Keti kwanza. Umeketi? Shairi lako limekubaliwa!

Mhariri aliniita jana. Akanipa kiti chake, yeye akasimama. Akasema meza nzima ilipiga kura, na hata fundi wa mashine ya kuchapa, mtu ambaye hajapata kusifu kitu tangu azaliwe, alisema "Mh!" Litatoka toleo la Juni, ukurasa wa kwanza, herufi nene, jina lako limezungushiwa maua. Ile kadibodi hawakuitaja. Watu wakubwa hawana maneno madogo.

Habari ya silabi nilikuwa naijua siku zote. Nilikupima tu kama na wewe unaijua.

Waambie mafundi wenzako wa cherehani. Mwambie dada. Mwambie na yule jirani wa mbio.

Mjomba wako,
Mlango wa Washairi

*

10 Juni

Mjomba,

Jarida limefika kwenye kibanda cha magazeti jana asubuhi. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Msimamizi alikataa, mafundi wenzangu wakaniambia nenda, kola zako tutazigawana. Nililisoma nimesimama pale pale kibandani. Ukurasa wa kwanza una tangazo la rangi za nyumba. Nikasoma wa pili mpaka wa mwisho, nikarudi nyuma, nikasoma hata majina ya waliochapa. Mashairi yako matano. Langu halipo.

Nikasema labda kurasa zimegandana. Nikamwomba mwenye kibanda nakala nyingine. Akanitazama, akanipa. Halipo.

Niliporudi mama alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Jirani yuko chini kwenye mkeka, kaja kusikiliza. Mama akasema, "Haya, soma." Mjomba, nilifungua lile jarida kwenye ukurasa wa mapishi ya keki, nikalikariri shairi langu kwa kichwa, macho yangu yanafuata unga na mayai. Nilikuwa sijamdanganya mama hata siku moja.

Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza, "Basi sasa ameshalisoma?" Nikasema, "Nani, mama?" Akasema, "Ndugu yangu. Si ndiye anayesoma magazeti yote?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwaka huu mama ndiye aliyenihimiza nitume. Yeye hakuombi uje. Ameapa hatakuomba, anasema ndugu haombwi. Mimi niliandika nikitaka kuchapwa, yeye akataka lichapwe ili likufikie bila yeye kufungua kinywa.

Kila jioni anauliza. Kwa hiyo na mimi nakuuliza, mjomba. Jarida liweke kando. Umelisoma shairi langu?

Mpwa wako

*

24 Juni

Mpwa wangu,

Leo sina jina la kuweka chini ya barua hii.

Mimi nafanya kazi kwenye yadi ya karatasi chakavu. Magazeti yote ya mji huu hupita mikononi mwangu, hilo halikuwa uongo, ila hupita yakiwa yamekwisha kusomwa, au yamekosa msomaji. Yanakuja kwa marobota, nayapandisha kwenye mizani kubwa, nasoma kilo, naandika namba kwa wino wa buluu na kuizungushia duara. Mizani ndogo ni ya kupimia unyevu, maana watu humwagia karatasi maji ili iwe nzito. Nachukua kipande, nakipima, nakikausha, nakipima tena. Hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Niwekeni kwenye chumba hicho. Kina bati juu, upande mmoja hakina ukuta.

Mhariri sijapata kumwona. Sijui kama ana kitambi. Bahasha nilimpa mlinzi wa getini, akaitupia kwenye kapu bila kuinua macho. Shati jeupe nilivaa kweli.

Nilisema umekubaliwa kwa sababu barua yako ya Machi ilikuwa inanikaribia. Nikatupa kitu kikubwa njiani ili ukikimbilie hicho, uniache. Nikajiambia, mtoto ni hodari, watamkubali tu, uongo wangu utageuka kweli kabla ya Juni. Nimeishi hivyo miaka tisa, nakopesha maneno kwanza, natafuta ukweli wa kuyalipa baadaye.

Sasa sikiliza. Siku tatu baada ya barua yako ya mwisho, gari lilileta marobota kutoka jengo lenye ofisi za lile jarida. Robota moja kamba ilikatika, bahasha zikamwagika miguuni mwangu. Nyingi zimefunguliwa. Nainama kuzikusanya, naona 16 ya buluu, na duara. Mkono wangu mwenyewe. Gundi yako haijaguswa. Mpwa wangu, hawakukukataa. Hawakukufungua.

Nilikaa juu ya robota nikaifungua mimi. Unajua kusoma kwangu, naenda kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Nikaanza:

*Kiti kipo mlangoni, kina mwenyewe mmoja,*
*Mama ana tumaini, husema, "Kesho yuaja,"*
*Jirani hukaa chini, hakigusi hata mja,*
*Ndugu, uko njia gani? Kiti chako kinangoja.*

Nikasimama hapo. Kile kiti nilikiunda mimi nikiwa kijana, mguu mmoja ukatoka mfupi, nikawaambia nimefanya makusudi ili mtu asisinzie. Nilidhani mlishakitia jikoni kuwa kuni. Kesho yake ndipo nilipopata nguvu ya ubeti wa pili:

*Usilete cha dukani, wala zawadi kutaja,*
*Cheo kiache mjini, uje wewe, ndiyo haja,*
*Tucheke tena nyumbani, hata iwe siku moja,*
*Ndugu, uko njia gani? Kiti chako kinangoja.*

Nilihesabu kwa vidole kama ulivyonifundisha. Nane huku, nane huku. Haikosi hata moja.

"Cheo kiache mjini." Kumbe cheo hamkuwa mnakihitaji. Nami miaka tisa siji kwa kuogopa mtajua sina.

Nakujibu swali lako: ndiyo, nimelisoma. Mwambie dada ukitaka. Ukitaka usimwambie, siku zangu za kukupangia la kusema zimekwisha.

Jambo moja la mwisho. Kuna mama mmoja wa maktaba ya mtaa huu, mkutubi, huja yadini kuokoa vitabu tusivyosaga. Nilimwonyesha shairi. Akasema Jumamosi ya kwanza na ya tatu, saa tisa mchana, wana kikao. Mshairi yeyote husimama na kusoma, haulizwi cheti. Yakipendwa hubandikwa ukutani, na kila miezi mitatu huyakusanya kwenye kijitabu, wanakichapa na kukibana kwa pini wenyewe. Si jarida. Lakini wanafungua.

Nilisome? Shairi ni lako. Safari hii nauliza kwanza.

Mjomba

*

6 Julai

Mjomba,

Barua yako nimeisoma chooni, mahali pekee mama hawezi kunifuata. Nilikasirika nikairarua katikati, kisha nikaenda kazini nikaishona kwa cherehani, mishono mikubwa mikubwa. Mafundi wenzangu wakauliza, "Hiyo nayo ni kola?"

Nimekukasirikia kwa Machi, si kwa yadi. Kwa nini uliona tungekupenda kwa magazeti? Mama alikulea wewe, hakulea cheo. Na mimi miezi mitatu nimetembea mtaani kichwa juu, sasa kila anayenisalimu anauliza, "Hilo jarida mbona hutuonyeshi?"

Lakini usiku ule wa keki na mayai na mimi nilidanganya, na nikaona jinsi inavyoanza. Unataka tu mtu mmoja asiumie, kwa jioni moja.

Nenda kasome. Masharti yangu ni haya: usiongeze neno. Usipunguze. Usiwaambie eti mfalme fulani alilia. Kumi na sita ni kumi na sita. Na jina litajwe langu.

Mama sijamwambia kuhusu yadi. Nimemwambia moja tu: "Amelisoma." Akasema, "Ehe." Baadaye nikamkuta ameshika kitambaa, anafuta kile kiti, na ni siku ambayo alikuwa ameshakifuta.

Mpwa wako

*

21 Julai

Mpwa wangu,

Jana ilikuwa Jumamosi ya tatu. Nakuandikia jinsi ilivyokuwa, na kila nikitaka kuweka chumvi nakumbuka masharti, narudisha kijiko.

Watu walikuwa kumi na tisa. Yule mjomba wako wa zamani angesema elfu, na wengine wamening'inia madirishani. Walikuwa kumi na tisa, na mmoja alikuwa amelala. Chumba kina viti vya plastiki na feni inayolia. Kabla yangu alisoma dereva mmoja, shairi la breki. Akasoma na mwalimu mstaafu, la mkewe. Nikaitwa.

Karatasi niliishika kwa heshima tu, shairi lilikuwa limeshaingia kichwani. Mtu anayesoma polepole kama mimi hasomi mara mbili, analimeza. Nikataja jina lako kwanza, kwa sauti. Nikasoma ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa, mpaka "hata iwe siku moja." Hapo kinywa hiki, unachokijua, kilichosema miaka yote bila kuombwa, kikakataa. Nikafungua, hakitoki kitu. Feni inalia. Nikaangalia chini.

Basi yule dereva wa breki, kutoka kitini kwake, akasema polepole: "Ndugu, uko njia gani?" Na wengine wakaitika, chumba kizima, kwa sababu kituo walishakishika tangu ubeti wa kwanza: "Kiti chako kinangoja."

Mpwa wangu, walikuwa wanamsaidia msomaji aliyesahau. Hawakujua wananiuliza mimi.

Limebandikwa ukutani, karibu na dirisha. Kijitabu kimetoka leo, mkutubi aliongeza ukurasa wako kwa haraka, umekaa wa saba. Nakala thelathini. Jina lako liko sahihi, maua hakuna. Mwalimu mstaafu ameuliza kama mshairi ana mengine, nikamwambia ana madaftari saba, na hilo si chumvi. Mkutubi anasema uyanakili matatu au manne, umtumie yeye, na bahasha iandikwe jina lake, naye atakujibu kwa mkono wake hata kama ni la kukataa. Kisha kuna wengine anawajua wanaopokea. Ataandika orodha. Nimemwambia anipe mimi niilete.

Umesikia nilivyosema. Niilete.

Yadini nimeomba likizo. Msimamizi akauliza, "Ya nini? Miaka tisa hujapata kuomba." Nikamwambia, nimeitwa kwa shairi. Akacheka, hakujua kwamba safari hii ni kweli.

Nakuja na vijitabu sita, shati lile jeupe, na mikono yenye wino wa buluu kwenye kucha, ambao hautoki hata kwa sabuni. Dada ataiona, nami sitaificha mfukoni. Ya yadi nitamwambia mwenyewe, usinitangulie. Barua hii usiijibu, nitakuwa njiani. Mkiniuliza njia gani, ni ya kurudi.

Mwambie jirani aendelee kukaa chini.

Na ile kadibodi ya gramu tano niliitunza. Nimeikunja mara mbili, nikaipima kwa macho. Nadhani itaenea chini ya ule mguu mfupi.

Mjomba wako,
mpima karatasi